Mwalimu Jukwaani: Utendaji wa KRS-One na Suala la Elimu na Burudani katika Fasihi Simulizi

Utangulizi

Katika ufundishaji wa nadharia ya fasihi, dhima za fasihi huorodheshwa kwa mpangilio uliokwisha kuzoeleka: fasihi huelimisha, huonya, huhifadhi historia ya jamii, na huburudisha. Burudani hutajwa ama mwanzoni, kwa haraka, kama jambo lisilohitaji kufafanuliwa, ama mwishoni, kana kwamba ni asali ya kumrahisishia mgonjwa kuimeza dawa. Mpangilio huu unachukulia kuwa funzo na burudani ni vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa, na kwamba mhakiki akishalitoa funzo anaweza kuiacha burudani kama ganda la muwa. Dhana hii haijahojiwa vya kutosha, hasa katika tungo ambazo uhai wake umo katika utendaji wala si katika maandishi.

Makala haya yanaihoji dhana hiyo kwa kuchunguza kazi ya msanii mkongwe wa hip-hop wa Marekani, Lawrence Parker, anayejulikana kwa jina la usanii la KRS-One. Msanii huyu ni mfano mwafaka kwa sababu yeye mwenyewe amejitangaza kuwa mwalimu, na mwaka 1990 aliipa albamu ya kikundi chake jina "Edutainment", neno linaloyaunganisha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya elimu na burudani. Vilevile, sehemu kubwa ya sifa zake imetokana na utendaji wake katika klabu za usiku, mahali ambapo wahakiki wengi wasingetarajia kumkuta mwalimu.

Dai kuu la makala haya ni kwamba ualimu wa KRS-One haumo hasa katika mawaidha yaliyo kwenye santuri zake, bali katika uhusiano anaoujenga na hadhira iliyosimama mbele yake. Uhusiano huo hufaulu pale tu ambapo hadhira, au mpinzani, ana haki ya kujibu. Haki hiyo ikiondolewa, elimu na burudani huporomoka pamoja.

Safari ya Fanani

KRS-One alizaliwa mjini New York mwaka 1965. Alipokuwa kijana aliishi bila makao, akilala katika hifadhi za wasio na nyumba. Jina lake lilianza kama saini ya michoro ya ukutani, kisha likapewa maana: herufi zake zikifumbuliwa hudai kuwa maarifa ndiyo yanayomtawala takriban kila mtu. Ni katika hifadhi mojawapo ya mtaa wa Bronx ambapo alikutana na Scott Sterling, mfanyakazi wa huduma za jamii ambaye pia alikuwa mcheza santuri kwa jina la Scott La Rock. Wawili hawa ndio walioasisi kikundi cha Boogie Down Productions.

Albamu yao ya kwanza, "Criminal Minded", ilitoka mwaka 1987. Mwezi Agosti mwaka huo huo Scott La Rock alipigwa risasi akauawa alipokwenda kusuluhisha ugomvi uliomhusu kijana wa kikundi chao. Tukio hili liliigeuza kazi ya mwenziwe. Albamu iliyofuata, "By All Means Necessary" (1988), ilichukua kichwa chake kutokana na kauli mashuhuri ya Malcolm X, na picha ya jalada lake iliiga picha ya mwanaharakati huyo akichungulia dirishani huku ameshika bunduki. Mwaka 1989 KRS-One alikuwa mmoja wa viongozi wa vuguvugu la kupinga ghasia lililowakusanya wasanii kadhaa katika wimbo "Self Destruction". Kuanzia miaka hiyo alialikwa kutoa mihadhara katika vyuo vikuu vya Marekani.

Ukifuatilia wasifu huu kupitia santuri pekee, ni rahisi kuusimulia kama hadithi ya mtu aliyetoka kwenye majigambo ya mtaani akapanda hadi kwenye hekima. Usomaji huo hautoshi. Majigambo hayakukoma ualimu ulipoanza. Katika tungo zake nyingi mwalimu na mjigambi huzungumza kwa kinywa kimoja. Hili halipasi kumshangaza mwanafunzi wa fasihi simulizi. Katika majigambo ya Kiafrika mhusika hujisifu ili apate idhini ya kusema, na sifa zake ni hati ya kumruhusu asikilizwe. Swali la kuulizwa ni idhini hiyo hutolewa na nani, na hutolewa wapi.

Klabu kama Uwanja wa Utendaji

Ruth Finnegan (1970) na Isidore Okpewho (1992), kila mmoja kwa njia yake, wamesisitiza kwamba utungo simulizi haukamiliki mpaka utendwe mbele ya watu. Kauli hii imekubaliwa sana kuhusu ngano, nyimbo za jandoni na tendi. Kuhusu hip-hop, hata hivyo, imekuwa rahisi kuisahau, kwa kuwa utungo wenyewe hupatikana dukani ukiwa umehifadhiwa. Tricia Rose (1994) ameonyesha jinsi rapu inavyouchanganya usimulizi na teknolojia hata isiwezekane kuviangalia mbalimbali. Kutokana na hoja hiyo yafaa kuongeza kwamba santuri ya hip-hop ni matokeo ya utendaji na wakati uo huo ni malighafi ya utendaji mwingine.

Historia yenyewe inalithibitisha hili. Hip-hop hufuatiliwa hadi kwenye dansi iliyoandaliwa tarehe 11 Agosti 1973 katika jengo la Sedgwick Avenue, Bronx, ambako Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, alizicheza santuri kwa kurudiarudia vile vipande ambavyo midundo hubaki peke yake. Mshereheshaji alisema maneno juu ya midundo hiyo ili kuwachangamsha wachezaji. Kwa hivyo mghani wa hip-hop alianza kama mtumishi wa dansi. Neno "kughani" linafaa hapa kuliko "kuimba", kwani sauti yake huelea kati ya usemi wa kawaida na wimbo, kama ilivyo katika ughani wa mashairi.

Kutoka kwenye kumbi za majengo na viwanja vya mitaa, sanaa hii iliingia katika klabu za usiku. Desemba 1981, katika klabu ya Harlem World, Kool Moe Dee alimkabili Busy Bee kwa tungo. Busy Bee alisifika kwa kuichangamsha hadhira: akiita, watu huitika. Kool Moe Dee alimjibu kwa beti zilizosukwa kwa ufundi, zikimshambulia kwa jina na kuukejeli mtindo wake. Kanda za shindano hilo zilinakiliwa na kusambazwa mkononi kwa mkono. Mara nyingi husimuliwa kama siku ambayo umbuji wa maneno uliushinda uchangamshaji. Lakini usimulizi huo unasahau jambo moja: aliyeamua mshindi ni hadhira ile ile iliyokuja kuchangamshwa. Umbuji ulishinda kwa sababu nao uliburudisha.

Klabu basi ina masharti yake. Hadhira imesimama, imelipa kiingilio, na imekuja kucheza. Haina subira ya darasani. Fanani akiichosha, humwadhibu papo hapo kwa kumgeuzia mgongo na kwenda baa. Ni wapi pengine ambapo mwalimu hupata tathmini ya haraka kiasi hicho? KRS-One alikulia kisanaa chini ya sharti hili, katika enzi ya klabu kama Latin Quarter ya Manhattan, na sharti hilo ndilo lililomfinyanga.

Malumbano na Haki ya Kujibu

Mfano bora wa kufinyangwa huko ni malumbano baina ya kikundi chake na wasanii wa mtaa wa Queensbridge. MC Shan na mtayarishaji Marley Marl walikuwa wametoa utungo uliousifu mtaa wao. Boogie Down Productions waliuchukulia kama dai la kuinyang'anya Bronx asili ya hip-hop, wakajibu kwa "South Bronx" (1986). Shan alijibu, na kundi la Bronx likarudi mwaka 1987 na "The Bridge Is Over", utungo ambao ndani yake KRS-One anaghani kwa lafudhi na mahadhi ya wasanii wa dansi wa Jamaika.

Matumizi ya mahadhi hayo ni hoja kamili. Mjadala ulikuwa kuhusu asili, na Kool Herc alitoka Jamaika. Kwa kughani kwa sauti ya kisiwa hicho, msanii aliishika historia kinywani badala ya kuieleza. Hadhira ya klabu, iliyokuwa na wahamiaji wengi wa Karibi, ilifundishwa historia hiyo kwa miguu kabla ya kuifahamu kwa akili. Hapa ndipo elimu na burudani zinapokuwa kitu kimoja, kwani ukiyaondoa mahadhi, hoja nayo hutoweka.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili atakumbuka majibizano ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19. Ulinganisho huu hauna maana kwamba sanaa moja imeizaa nyingine. Unasaidia tu kuibainisha kanuni iliyo wazi katika sanaa zote mbili: shairi hujibiwa kwa shairi. Nje ya ushairi Mombasa na Lamu zilipigana kwa silaha, na beti hazikuvizuia vita hivyo. Hata hivyo, ndani ya uwanja wa ushairi mshindi alipatikana kwa ushairi. Anayelifunga fumbo humpa mwenziwe nafasi ya kulifungua, na heshima ya aliyefunga hutegemea kuwepo kwa nafasi hiyo. Katika malumbano ya daraja, Shan alikuwa na nafasi ya kujibu na alijibu. Hiyo ndiyo sababu ushindi wa KRS-One ulikuwa na uzito.

Usiku wa Januari 1992

Kanuni hii ilivunjwa na mtu ambaye ilimfaa kuliko wengine. Kikundi cha P.M. Dawn kilikuwa kimepata umaarufu mkubwa. Novemba 1991 wimbo wao "Set Adrift on Memory Bliss" ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard. Kiongozi wake, Prince Be, alinukuliwa katika jarida la Details akiuhoji ualimu wa KRS-One: ni mwalimu, lakini wa kufundisha nini? Januari 1992, P.M. Dawn walipokuwa wakitumbuiza katika klabu ya Sound Factory mjini New York, KRS-One na wafuasi wake walipanda jukwaani. Prince Be alisukumwa akatupwa kwenye hadhira, na KRS-One akakitwaa kipaza sauti, akaanza kughani tungo zake mwenyewe.

Tukio hili limetetewa kwa hoja ambazo hazistahili kupuuzwa. Kwanza, hip-hop ilizaliwa katika ushindani, na asiyeweza kulilinda jukwaa hana budi kulipoteza. Pili, kupanda chati kwa muziki laini kulionekana na wengi kuwa dalili ya biashara kuipokonya sanaa hii kutoka kwa mitaa iliyoilea, na hivyo kitendo kile kikafasiriwa kama upinzani wa kitamaduni. Tatu, dharau ilitolewa gazetini wala si jukwaani; huenda msanii aliona kwamba mpinzani wake ndiye aliyeanza kuvunja kanuni kwa kusema mahali ambapo hakuweza kujibiwa kwa tungo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, lakini nayo inajikwaa. KRS-One alikuwa na kila zana ya kujibu. Alikuwa mfaraguzi asiye na wengi wa kumlinganisha naye katika kizazi chake, na swali aliloulizwa lilikuwa zawadi kwa mtunzi. "Mwalimu wa nini?" ni fumbo lililofungwa likisubiri mfunguaji. Angeweza kulijibu kwa utungo ambao ungeimbwa hadi leo. Badala yake alilijibu kwa mikono, na swali likabaki bila jibu. Zaidi ya hayo, kitendo chenyewe kikawa jibu lisilokusudiwa: usiku ule funzo lilikuwa kwamba kipaza sauti ni mali ya mwenye wafuasi wengi. Funzo hilo lilitoka kwa mtu ambaye miaka mitatu tu iliyotangulia alikuwa akiwahimiza vijana waache ghasia, na ambaye alimpoteza mwenziwe kwa risasi.

Kwa upande wa nadharia, tukio hili linalitia doa dai kwamba burudani inaweza kusimama hata pale elimu inapokosekana. Yaweza kusemwa kuwa watu waliokuwepo walishuhudia jambo la kusisimua. Naam, lakini msisimko wa kuona mtu akiangushwa si burudani ya utendaji. Katika utendaji, hadhira huitikia, hukamilisha, hukosoa. Katika ugomvi hadhira hugeuka watazamaji: haina neno la kuchangia, na yaliyotokea yangetokea vilevile hata kama isingekuwepo. Haki ya mpinzani ya kujibu ilipoondolewa, haki ya hadhira ya kuamua iliondoka nayo.

Mwito, Mwitiko na Ukongwe

Kilichofuata kinaonyesha kwamba msanii huyu hakubaki pale. Albamu "Return of the Boom Bap" (1993), ya kwanza kutoka kwa jina lake binafsi, ina utungo "Sound of da Police", ambao ni miongoni mwa kazi zake zinazofaa sana jukwaani. Utungo huu unaanza kwa tanakali ya sauti inayoiga king'ora cha gari la polisi. Baadaye msanii analichukua neno la Kiingereza lenye maana ya afisa na lile lenye maana ya msimamizi wa watumwa shambani, akayatamka mfululizo kwa kasi inayozidi mpaka tofauti ya sauti zake ikakaribia kufutika.

Uchezaji huu wa sauti hauonekani vyema katika maandishi. Ukiandikwa, unakuwa mzaha wa tahajia. Ukighaniwa klabuni, ukumbi mzima huiga king'ora, na hapo ishara ya mamlaka iliyozoeleka kuwatia hofu vijana weusi hutoka vinywani mwao wenyewe kama kicheko. Uhusiano wa kihistoria kati ya utumwa na ulinzi wa polisi, ambao mhadhiri angehitaji saa nzima kuueleza, hupatikana katika pumzi chache kwa sababu hadhira ndiyo inayoukamilisha.

Mbinu hii imeenea katika utendaji wake kwa jumla. "Live Hardcore Worldwide" (1991), miongoni mwa albamu za mwanzo za hip-hop kurekodiwa mbele ya hadhira, ilitokana na maonyesho ya New York, London na Paris, na inaudhihirisha umuhimu aliouweka katika utendaji. Jukwaani, mara nyingi akiwa na nduguye Kenny Parker kwenye santuri, tungo hukatwa na kuunganishwa upya. Midundo husimamishwa ghafla ili maneno yabaki uchi. Mstari huachwa nusu ili hadhira iumalizie. Ufaraguzi huingizwa ili kuyahusisha maneno na mahali na watu waliopo. Utungo uliorekodiwa unakuwa kiunzi, na usiku huo ndio unaouvika nyama.

Ukongwe unaleta mtihani mpya. KRS-One ametimiza miaka 60 mwaka 2025, na hip-hop ilitimiza nusu karne mwaka 2023. Hadhira inayokuja kumwona mkongwe huwa imezihifadhi tungo zake. Mwitiko wake ni wa hakika, na hatari imo katika uhakika huo huo, kwani kujibizana kunaweza kugeuka ada kama maamkizi, ambapo jibu linajulikana kabla ya salamu kutolewa. Ufaraguzi ndio dawa ya hatari hii, maana humlazimu fanani kuthubutu na humpa msikilizaji jambo la kupima upya.

Kuna hatari ya pili, nayo ni mahubiri. Mwaka 2009 KRS-One alichapisha kitabu kinene, "The Gospel of Hip Hop", ambamo hip-hop inakaribia kufanywa imani yenye mafundisho yake. Kitabu hakina mtu wa kuitika wala wa kugeuza mgongo. Kinapolinganishwa na utendaji wake, inadhihirika kwamba sauti inayovutia sana ikiwa inakabiliwa na watu hupoteza makali ikikosa mkinzani. Klabu ilikuwa ikimfanyia kazi ya uhariri, na kurasa hazikuweza kumfanyia.

Dalili njema zaidi ya ukongwe wake huenda ikawa albamu "Hip Hop Lives" (2007), aliyoifanya pamoja na Marley Marl, yule yule wa upande wa Queensbridge. Wapinzani wa malumbano waliweza kukaa studio moja baada ya miaka 20 kwa sababu ushindani wao ulikuwa wa tungo. Beti zilizojibiwa kwa beti ziliacha mlango wazi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba elimu na burudani katika utendaji wa KRS-One si dhima mbili zilizofungwa pamoja kwa kamba. Zote mbili hutokana na chanzo kimoja, yaani kujibizana. Pale alipoacha nafasi ya jibu, kama katika malumbano ya daraja na katika king'ora cha "Sound of da Police", alifundisha kwa sababu aliburudisha. Pale alipoifunga nafasi hiyo, usiku ule wa Januari 1992, hakufanya lolote kati ya hayo mawili, ijapokuwa alikuwa ameshika kipaza sauti.

Matokeo haya yanagusa utafiti wa fasihi simulizi kwa upana wake. Orodha ya dhima inayotenga funzo na burudani inafaa kurekebishwa, na hadhira isihesabiwe tena kuwa mpokeaji tu. Aidha, wanafunzi wanaokusanya tungo za hip-hop ya Kiswahili, tangu zile za Kalamashaka wa Dandora katika miaka ya 1990 hadi za sasa, hawana budi kwenda mahali zinapotendwa, usiku, penye kelele, na kuandika si maneno ya mghani pekee bali pia yale anayojibiwa. Mshairi anayejiita mwalimu atapimwa hapo, kwa namna anavyompokea yule anayesimama na kumuuliza anafundisha nini.